Nilivyomfungia Mjomba Mlango

Mimi naishi Mikumi, na mlango ninaoulinda uko Kilosa. Watu wakiniuliza nafanya kazi gani huwa naona raha kuwajibu hivyo, halafu nawaacha wakune kichwa kidogo kabla sijaeleza.

Ni zahanati ya mtu binafsi yenye majengo mawili, moja Kilosa mjini, jingine hapa Mikumi kando ya barabara kuu. Mwenye zahanati aliponunua kisanduku cha ulinzi wa mtandao, alinikabidhi mimi nikiseti. Kila anayetaka kufungua mafaili ya wagonjwa kwenye kompyuta hupita kwanza kwenye kisanduku hicho, nacho humkubali au humkataa. Mimi ndiye ninayekiambia nani apite, aone nini, akiwa wapi. Mtu akilazimisha, simu yangu inalia hata kama niko sokoni nachagua nyanya.

Sasa, tabibu mkongwe wa Kilosa ni mjomba wangu, kaka yake mama, na ndiye aliyenisomesha. Nimerithi jina la mama yake, kwa hiyo tangu utotoni ananiita mama. Na mjomba wangu huyu, Mungu amhifadhi, hajui kunyima. Pasiwedi yake aliwapa wauguzi wote, waliopo na walioondoka, kama mtu anavyompa jirani chumvi. Alizoea pia kuingia akiwa nyumbani kwake, kwa kompyuta ambayo wajukuu wanachezea magemu.

Nikafunga. Kila mtu na jina lake, pasiwedi yake, na namba ya siri inayotumwa kwenye simu yake. Na kuingia ni ukiwa ndani ya zahanati tu. Jina la zamani la mjomba nikalizima, nikampa jipya kama wenzake.

Alinipigia. Nikamwamkia, akaitikia marahaba kwa sauti ya mtu anayemeza dawa chungu.

"Mama," akasema, "mimi ni wa kufungiwa mlango na wewe?"

Nilimweleza taratibu, na mimi si mtu wa taratibu. Hakutaka. Akamwambia mama yangu, mama akanipigia kunisomea asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na ukoo mzima ukajua kwamba nimesoma nikavimba kichwa. Iliniuma jamani. Kumfungulia ilikuwa ni kubonyeza tu, amani irudi. Nililia jikoni, nikanawa uso, sikubonyeza. Nilijua naweza kumpoteza mjomba kwa ajili ya kile kisanduku, na bado niliona nina haki.

Baadaye familia ikakutana kwetu Mikumi, binti wa dada yangu analetewa posa. Mjomba ndiye msemaji wetu katika mambo hayo, kwa hiyo alikuja, ila alikaa kochi la mbali na mimi. Tukiwa tunasubiri wageni, simu yangu ikalia. Kuna mtu anajaribu kuingia Kilosa kwa jina la zamani la mjomba, kutoka mtandao tusioujua. Kakataliwa. Kajaribu tena, kakataliwa tena. Nikainuka, nikamwekea mjomba simu mkononi.

Akavaa miwani. Akasoma kwamba yeye mwenyewe yuko anabisha hodi Kilosa, hali kakaa Mikumi na kikombe cha chai. Hakuhitaji maelezo yangu. Majibu ya vipimo vya watu wanaomwamini yangetoka nje, na ingeonekana kayatoa yeye. Akaweka kikombe chini. Ni nani aliyejaribu, hadi leo hatujui. Hakuingia, basi, na mimi nilivimba kifua mbele ya ukoo wote.

Nikampigia mwenye zahanati kumpa taarifa, simu nimeiweka spika ili mjomba asikie. Akanisifu sana. Halafu, bila hata haya, akaomba nimfungulie yeye tu, awe anaingia akiwa nyumbani kwake Morogoro, maana yeye ndiye mwenye mali. Kabla sijafungua mdomo, mjomba akaninyang'anya simu.

"Bosi," akasema, "mimi mjomba wake, niliyemsomesha, kanifungia. Wewe utapitia wapi?"