Tangi la Bi Zuhura lilivyozima intaneti ya mawimbi ya milimita siku ya mtihani wa dadangu

Wakuu, salaam aleikum. Naandika nikiwa hapa Mji wa Kale, Mombasa, na ninayoyasema yote ni kweli. Ningetaka kudanganya, ningejipa nafasi nzuri zaidi katika kisa hiki.

Mimi ni kifungua mimba. Wazazi wetu walitangulia mbele ya haki nikiwa darasa la saba, nikaacha shule nikaenda kubeba magunia kwenye magodauni ya Shimanzi. Baadaye nikajifunza kufunga madishi ya televisheni, na ndiyo kazi yangu hadi leo.

Mdogo wangu, Saumu, ndiye aliyesoma. Yuko chuo kule Buxton, mwaka wa mwisho, mambo ya mawasiliano.

Mradi wake wa kumalizia ulikuwa huu: kupeleka intaneti kutoka paa moja hadi paa jingine bila kebo. Nyumba zetu huku ni kongwe, mwenye nyumba hataki utoboe ukuta, na vichochoro vimeshajaa nyaya.

Alitumia mawimbi ya milimita. Unaweka kisahani kidogo paa hili na kingine paa lile, vinatazamana, na data inapita kwa kasi ya zaidi ya gigabiti moja kwa sekunde. Filamu nzima inahama kabla hujapiga chafya mara mbili.

Ila yana udhaifu wake. Hayafiki mbali, na hayapendi kizuizi. Ukuta yanagoma, majani mabichi yanagoma, na maji ndiyo adui mkubwa. Ni mkimbiaji hodari asiyejua kuogelea.

Walimu wake walikuwa waje nyumbani waone mtambo ukifanya kazi. Ukikataa, Saumu anarudia mwaka.

Sasa, Saumu anaogopa urefu. Hata kubadilisha balbu ananiita. Kwa hiyo mapaani nilipanda mimi, yeye akabaki chini na kompyuta akinipigia simu.

"Kaka, unakiona kile kisahani kingine?"

"Nakiona kama uso wangu."

Wakuu, sikukiona. Nilichoona ni ncha ya nguzo yake ikichungulia nyuma ya tangi la plastiki la Bi Zuhura, jirani yetu wa katikati. Nilitakiwa niongeze urefu wa nguzo. Lakini jua lilikuwa kali, na bomba la mtaa lilikuwa halijatoa maji wiki nzima. Mapaa yetu yamegusana, nikavuka nikaligonga tangi. Likalia kama ngoma. Tupu.

Nikalenga kisahani papo hapo. Saumu akapiga kelele za furaha huko chini. Plastiki tupu mawimbi yanapenya, basi nikajiona profesa.

Baada ya hapo ikawa siku nyingine mtambo unapepea, mara unashika mara unaachia, siku nyingine unazimika kabisa. Saumu akalaumu programu, akaifuta na kuipanga upya. Mimi nikalaumu kunguru. Bi Zuhura akasema ni hasidi, akaja na chetezo akafukiza ubani sebuleni mpaka kompyuta ikanukia kama bibi harusi.

Hakuna aliyekumbuka kuwa siku za kuzimika ndizo siku za maji. Siku za maji kila mtu yuko mbioni na ndoo, nani ana wakati wa kufikiri?

Asubuhi ya mtihani, walimu waje saa nne. Saa mbili mtambo kimya. Saumu amekaa mbele ya kompyuta, machozi yanamlenga.

Nikapanda juu. Nikasikia maji yanafurika. Bomba lilikuwa limeanza kutoa maji alfajiri, na tangi la Bi Zuhura limejaa hadi mdomoni. Nikaligonga. Halikulia ngoma tena. Lilisema "du", kama mtu aliyeshiba.

Hapo ndipo nilipojua adui ni nani. Ni mimi.

Nikashuka nikamwambia.

"Kaka, nilikuuliza."

"Uliniuliza."

"Ukasema unakiona kama uso wako."

"Na uso wangu siuoni bila kioo."

Hakucheka. Kuongeza nguzo na kulenga upya kulihitaji nusu siku, nasi tulikuwa na saa mbili. Nikaenda kwa Bi Zuhura.

"Maji nimeyangoja siku nane," akasema, "leo niyamwage kwa sababu ya sahani yako?"

"Si kumwaga, Bi. Kuhamisha tu, yafike nusu; mawimbi yanapita sehemu ya juu."

"Yahamie wapi, kwa shangazi yao?"

Nikamweleza habari ya kurudia mwaka. Akanitazama, akafunga koki ya bomba, akatoka barazani: "Enyi! Leteni vyombo! Saumu ana mtihani!" Kisha akanigeukia: "Na wewe, mazulia yangu yote utayafua."

Zikaja ndoo, madebe, birika, masufuria ya pilau ya harusini. Saumu alikuwa anapaza sauti dirishani: "Bado! Bado! Kinapepea! Kimeshika!"

Walimu wawili walifika wakanikuta kichochoroni, suruali imekunjwa magotini, nakanyaga zulia lenye povu. Yule mwalimu mama akatazama masufuria. "Kuna harusi?"

Mtambo ulikuwa unakimbia vizuri kabisa. Saumu angenyamaza tu, angefaulu. Mimi nilikuwa namkonyeza anyamaze.

"Mwalimu," akasema, "kabla hamjapima, kuna kosa katika ufungaji. Mwale wa mawimbi unapita ndani ya tangi la jirani." Akaeleza kila kitu, hata uvivu wangu.

Nilitamani zulia linifunike.

Mwalimu mama akauliza, "Maji yakifika wapi inakatika? Umepima?"

Saumu akatoa karatasi. Kila ndoo iliyoshuka alikuwa ameandika kasi ya intaneti! Mimi nadhani anapiga kelele tu dirishani, kumbe anapima.

Walimu wakaangaliana. Mwalimu mama akavua miwani. "Nataka nione na kinyume chake. Rudisheni maji."

Kichochoro kizima kikanigeukia.

"Si ndiye huyo mwenye macho makali?" Bi Zuhura akasema. "Apandishe."

Ngazi za orofa tatu, wakuu, ndoo mojamoja. Mwalimu mama juu na saa yake ananiambia, "Ya kumi na moja, polepole, isimwagike."

Saumu amefaulu, na vizuri. Katika maoni yao walimu wameandika kuwa kazi ya msimikaji ikaguliwe na mtu mwingine. Msimikaji ni mimi.

Nilichojifunza: kwa kazi hizi, "sioni" ni jibu halali. Linakugharimu nguzo moja. "Naona" ya uongo inakugharimu mtaa mzima na mazulia.

Mafundi wenzangu, ungameni hapa chini na nyinyi, msiniache peke yangu. Nitajibu polepole, mabega bado hayanyanyuki.