Mkono Ambao Phelis Hakuutoa

Nafasi ilikuwa moja tu. Mtu mmoja kutoka kituo kizima cha utafiti wa chai angepelekwa Uingereza miaka miwili kusomea magonjwa ya mimea, na Phelis Bosibori aliitaka nafasi hiyo mpaka chakula kikawa hakimshuki. Aliingia maabara mwaka wa sitini na nne kuosha chupa. Sasa ilikuwa sabini na mbili, na hakuna aliyejua kumshinda kwa nini mashina ya chai hukauka ghafla: kuna kuvu nyeupe inayotoka kwenye mizizi ya miti ya msitu iliyokatwa zamani, ikatambaa chini kwa chini mpaka kwenye chai. Yote hayo anayajua, na cheo chake bado ni msaidizi. Loo, msaidizi!

"Kazi yako ni nzuri," mkurugenzi, Bwana Whitlock, alimwambia. "Lakini nani anaijua? Kamati inakuja Alhamisi. Kabla ya intavyu kuna chai. Usijifiche maabara. Mwendee kila mmoja, mpe mkono, mwambie jina lako na kazi yako. Nafasi kama hizi hupewa mtu anayejulikana."

Mtu anayejulikana alikuwepo tayari. Kipchirchir, msaidizi wa upande wa shamba, angeshuka sokoni Kapsoit kununua kiberiti arudi na marafiki watatu. Yeye pia aliomba nafasi ile, na juma zima Phelis alimwona akiingia maabara, akilichungulia daftari lake la vipimo. Anatafuta nini kama si kuiba? Phelis alimwambia hivyo hata Tecla, karani wa ofisi, na alimwambia kwa uchungu.

Halafu majina ya kamati yakabandikwa ukutani. Bwana Whitlock mwenyewe. Mzee Johana Kipsang, mkulima wa Chepseon, kwa niaba ya wakulima wadogo. Na mwenyekiti, Dakta Atuti wa Nairobi. Phelis alilisoma jina hilo la mwisho mara mbili. Dakta Atuti ni mdogo wa marehemu baba mkwe wake, na siku ya kuolewa kwake ndiye aliyesimama mahali pa baba wa bwana harusi.

Kama wewe si mtu wa Kisii utauliza, sasa shida iko wapi? Shida ni chinsoni. Mke wa mwana na baba mkwe wana heshima yenye mpaka: hawapeani mikono, hawatazamani usoni, hawakai kupiga soga. Na usicheke. Waliosoma wanaishika, waliookoka wanaishika, na anayeivunja husemwa mpaka kwenye mazishi yake.

"Mama Ogari," mumewe Makori alimwambia wakila, "ukimpa mkono yule mzee, mimi nitaingia kwetu na uso gani?"

"Na nisipompa?"

"Basi siku hiyo uugue, ubaki nyumbani."

"Niugue! Miaka minane nimekaa nikingoja, halafu niugue?" Phelis alisukuma sahani, akatoka nje.

Mara mbili alifika mlangoni kwa Bwana Whitlock ili amweleze, na mara mbili akarudi. Akisema mwenyekiti ni mkwe wake, si atakatwa jina hapo hapo? Akanyamaza, na kunyamaza huko kukamnyima usingizi.

Alhamisi walikusanyika ukumbini. Phelis alisimama nyuma ya meza aliyopanga vipande vya mizizi na chupa ya iodini. Bwana Whitlock alimleta mgeni mpaka pale, akitabasamu. "Dakta, huyu ndiye niliyekuandikia habari zake. Phelis, karibu umsalimie."

Phelis alifumba mikono kifuani, akainamisha macho sakafuni. Dakta Atuti naye akageuza uso kuelekea dirishani. Bwana Whitlock akawa mwekundu mpaka masikioni.

"Phelis," alisema kwa sauti ya chini, "nimekuambia nini?"

Alitamani ardhi ipasuke aingie. Huko upande wa pili Kipchirchir alikuwa amemshika Mzee Johana mkono, wanacheka kama watu waliotahiriwa pamoja.

"Usimlaumu," Dakta Atuti alisema, bado anatazama dirisha. "Huyu ni mke wa mwanangu. Kwenye fomu kuna jina lake la kwao, si la mume, sikumtambua. Mimi siwezi kuamua juu yake. Mtaamua nyinyi wawili." Akatoka akaenda barazani.

Basi hapo Phelis alijua amekwisha. Aliyeielewa sayansi yake katoka. Waliobaki ni mzungu aliyeaibishwa mbele ya mgeni, na mzee ambaye ameshajipatia rafiki.

"Wewe kijana," Mzee Johana alimwambia Kipchirchir, "umeniambia nibandue gome la mti wa msitu mzunguko mzima, ufe umesimama, ndipo niuangushe nipande chai. Sawa. Ningoje miezi mingapi?"

Jibu lilikuwa kwenye daftari la Phelis, na Kipchirchir alikuwa amelisoma. Phelis alishika ukingo wa meza. Sema, mwizi wewe, alisema moyoni.

Kipchirchir aliweka kikombe chake mezani.

"Mzee, hesabu ninayo kichwani, lakini si yangu. Mimi nimebandua magome tu. Anayechimba mizizi kila mwezi na kuipima ni yule mama pale. Muulize yeye."

Mzee Johana akaja mezani. Phelis alikata mzizi, akadondosha iodini. Ukawa mweusi kama wino. "Huu ni wa miezi miwili tangu gome libanduliwe. Bado umejaa wanga, na kuvu inakula wanga." Akakata mwingine. Dawa ikabaki na rangi yake ya kahawia. "Huu ni wa mwaka mmoja na nusu. Hapa kuvu haina chakula. Sasa angusha mti, panda chai."

"Mimi nilingoja miezi miwili," mzee alisema polepole. "Shamba langu lote la juu limekufa." Bwana Whitlock, aliyekuwa amesimama kando, alivuta kiti akaketi, akaanza kuuliza.

Saa kumi, baada ya intavyu, jina lilisomwa: Phelis Bosibori. Tecla alipiga kigelegele. Phelis alimtafuta Kipchirchir, akamkuta kwenye kitalu anang'oa magugu.

"Ungeitaja tu ile hesabu, ungepata."

"Ningepata." Alicheka, kicheko kikakatika njiani. "Nimeshamwambia mama yangu naenda, unajua? Ameshaalika kanisa lote Jumapili." Aling'oa gugu lingine. "Nilikuwa nasoma daftari lako nijue namna ya kupima. Kama ungepata wewe, ile mizizi ya mwezi ujao nani angeipima?"

Phelis alitaka kumwambia aliyokuwa akimfikiria juma lile lote, na aliyomwambia Tecla. Hakuweza. Alichutama kando yake, akalia kwa aibu, naye Kipchirchir akadhani ni furaha, akampa pole na hongera.