Jedidah na Orodha ya Wachangia Damu

Mwaka wa 1999 Jedidah Igoki, au Mama Kivuti kwa jina la mwanawe, alikuwa karani wa maabara katika hospitali moja ya misheni karibu na mji wa Embu. Alizaliwa Kianjokoma, akasomea upigaji chapa, na hakuna aliyemtarajia kuandika programu ya kompyuta. Lakini jambo moja lilimkera. Majina ya watu waliojitolea kuchangia damu, pamoja na makundi yao, yalikuwa katika hifadhidata ndogo kwenye kompyuta ya ofisi yake. Jumamosi ofisi ilifungwa, na wauguzi wa wadi ya wazazi wakabaki kupiga simu huku na huku wakitafuta mtu.

Wadi ilikuwa na kompyuta yake, na waya wa mtandao ulikwisha kuvutwa kati ya majengo hayo mawili. Hirsi, mwenye duka la kompyuta mjini Meru, alimwazima kitabu cha Java, lugha ya kuandikia programu. Jedidah alikisoma kila saa ya chakula cha mchana kwa miezi mitano, kamusi ikiwa pembeni. Hatimaye akaandika programu ya kukaa kwenye kompyuta ya ofisini: muuguzi afungue ukurasa kule wadini, aandike kundi la damu, majina yatokee.

Akiiwasha mwenyewe, ilifanya kazi. Akiiacha ijiwashe pamoja na kompyuta, kama ilivyopaswa siku ambazo hayupo, ilidai haiijui hifadhidata hiyo. Aliandika upya karibu kila mstari, wapi. Hirsi akaja, akaangalia, akatikisa kichwa.

"Mama Kivuti, hapa hata mimi nimeshindwa. Si uachane nayo tu?"

"Hebu niambie," Jedidah akasema, "mimi nikiiwasha, inatumia jina langu. Ikijiwasha, inatumia la nani?"

"La kompyuta yenyewe."

"Basi hifadhidata nimeisajili kwa jina langu peke yangu. Kompyuta haina habari nayo."

Akaisajili upya, mara hii kwa mashine nzima. Ilikuwa kazi ya dakika mbili. Hirsi alikwenda wadini kujaribu, akarudi anacheka.

Jumamosi moja ya Agosti aliletwa mama kutoka Kibugu, amejifungua na damu haikatiki. Kundi lake lilikuwa O hasi. Sista Muthoni, muuguzi wa zamu, alifungua ukurasa akapata majina manne. Wawili hawakupatikana kwa simu. Wa tatu, mwalimu Njuki, alikuwa nyumbani, na saa moja haikupita kabla hajafika. Mama yule akapona.

Jedidah alipata habari Jumatatu, Muthoni akimsimulia huku amemshika mkono. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza mtoto ameitwa nani. Kisha akavuta kiti karibu na kompyuta.

"Hao wawili ambao hawakupatikana," akasema, "nitajie majina. Nataka nitafute namba zao mpya kabla ya chai."