Karata za Wakati wa Matanga

Krrr-zii. Krrr-zii. Kimya kidogo, karatasi inavutwa, halafu krrr-zii tena. Hiyo ilikuwa printa ya mama, ile ya zamani iliyochapa kwa kugongagonga vidoti, na karatasi zake zilikuwa zimeungana kama utepe mrefu wenye vitobo pembeni. Hata leo nikisikia sauti inayofanana na hiyo, hata kama ni mashine ya risiti tu kwenye duka la dawa, moyo unaruka kwa furaha kabla sijauzuia. Halafu nakumbuka ilikuwa ikichapa nini, na furaha yenyewe inanitia aibu.

Mama alikuwa karani wa kupiga chapa katika ofisi moja mjini. Ofisi ilipobadilisha kompyuta na printa zake, wafanyakazi waliambiwa anayetaka ya zamani aibebe. Wengi walicheka. Mama alibeba. Ilifika kwetu, mtaa wa Umoja, juu ya mkokoteni, imefungwa kwa blanketi na leso kama mgonjwa anayetolewa hospitali, na watoto wa laini yetu yote, ile safu ya nyumba zetu, wakaifuata nyuma hadi mlangoni. Skrini yake ilikuwa na kisogo kirefu, ikabidi meza isogezwe mbele ili kisogo kipate pa kukaa.

Wiki hiyohiyo mama akaanza kuifumia vitambaa. Kwetu kila kitu kilivaa: makochi yalivaa, redio ilivaa, hata chupa ya chai ilikuwa na kofia yake. Kompyuta ingekaaje uchi? Akafuma kimoja cha skrini, kimoja cha sanduku, kimoja cha printa, vyote vyeupe vyenye ukingo wa njano. Vitambaa hivyo havikutolewa ovyo. Nikinyoosha mkono tu, nasikia kutoka jikoni, "Wewe mtoto, hiyo si ya kuchezea. Stima inalipiwa."

Basi ilifunguliwa wakati gani? Ilifunguliwa mtu akifa.

Si kwamba mama aliamua hivyo. Ilitokea tu. Watu wetu wa magharibi wakifiwa hapa Nairobi, safari ya kumpeleka marehemu nyumbani inahitaji mambo mengi, na mojawapo ni ile karatasi ya kusomwa kaburini: alizaliwa wapi, ni mtoto wa ngapi, alisoma wapi, alioa nani, ameacha nani. Habari ikaenea kwamba kuna mama Umoja ana mashine nyumbani na hachoki. Wakawa wanakuja. Mkutano wa matanga ukiisha, jamaa wawili watatu wanaingia kwetu, wanaketi kwenye makochi yaliyovaa, mama anatoa vitambaa kimoja kimoja, anavikunja, anaweka miwani.

Nilipenda sana kuwasikiliza. Huzuni ilikuwepo, lakini walibishana.

"Andika alipenda watu."

"Alipenda watu gani? Huyo alikuwa anavuka barabara akikuona."

"Ni marehemu, shemeji. Mpunguzie."

"Sawa, andika alipenda watu wachache."

Mama aliandika bila kucheka, lakini mabega yake yalitikisika. Akimaliza, alikuwa na desturi yake: alisoma yote kwa sauti tangu mwanzo, polepole, kama vile tuko kaburini tayari. Wenyewe walisikiliza wakiwa wameinamisha vichwa. Mwisho akiinua macho, ilikuwa lazima wamjibu, "Ni sawa." Bila hiyo "ni sawa" hakuchapa hata ukurasa. Alisema maneno ya mtu aliyekufa hayatoki nyumbani mwake hadi wenyewe wayapokee.

Kisha printa inaanza, na mama anaenda kupika chai ya wageni. Kazi ya kuangalia karatasi isijikunje ilikuwa yangu. Na kwa sababu nakala zilikuwa nyingi na printa ilikuwa ya mwendo wa kobe, niliruhusiwa kukaa kwenye kiti chake mbele ya kompyuta na kucheza.

Mchezo wangu ulikuwa karata. Zilipangwa kwenye uwanja wa kijani, nyekundu juu ya nyeusi, nyeusi juu ya nyekundu, na ukizipanga zote hadi mfalme, zilikuwa zinaruka kutoka mahali pake moja moja, zinadunda chini ya skrini na kuacha mkia nyuma yao, hadi skrini yote inajaa karata. Sijui kama nimewahi kuona kitu kizuri namna hiyo tena. Kulikuwa pia na mchezo wa kutegua mabomu na ule wa nyoka, lakini hiyo niliicheza tu nikikasirishwa na karata. Zile kingo za karatasi zenye vitobo nilizichana nikajivalisha kama bangili. Nilikuwa malkia. Nyuma yangu watu wanaongea mambo ya jeneza, mbele yangu kuna wafalme na malkia wenzangu.

Sasa hili ndilo linalonisumbua. Sikuwahi kumwombea mtu kifo. Nilikuwa mtoto mwenye huruma, hata kuku wa Krismasi nilimlilia. Lakini nikitoka shule nikaona turubai limefungwa nje ya mlango wa watu, na viti vya plastiki vimepangwa, nilikuwa nakimbia nyumbani kuosha mikono. Mama hakukubali kipanya kishikwe kwa mikono michafu. Kwa hiyo nilinawa mapema, nikangoja.

Siku ninayoikumbuka zaidi, aliyekuja alikuwa jirani yetu wa laini ya nyuma, mama kijana, tumbo limefika mbele. Mumewe, fundi wa reli, ndiye aliyekuwa amefariki. Alikuja na shemeji yake, na muda wote hakubishana na neno lolote. Mama aliposoma, shemeji alisema, "Ni sawa." Yeye aliitikia kwa kichwa tu. Printa ikaanza. Na siku hiyo, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu, karata zikakubali zote. Zikaanza kuruka. Nikacheka kwa sauti na kupiga makofi, nikageuka kutafuta mtu wa kumwonyesha, na mtu niliyekutana naye macho kwa macho alikuwa ni yeye.

Hakunigombeza. Aliangalia zile karata zikidunda hadi ya mwisho, kisha akarudisha macho kwenye kikombe chake cha chai.

Miaka imepita. Simu zimekuja, watu wanaandikiana marehemu wao kwenye simu, na mama alistaafu. Kompyuta ikahamia chini ya kitanda. Mimi sikusoma mbali. Napanga chumba mtaa wa Tassia na nauza kava za simu kwenye kibanda. Lakini nina ndoto zangu, nyingi, na wanaonijua wamechoka kuzisikia. Mojawapo ni kufungua chumba kidogo chenye kompyuta za zamani, za kisogo kirefu, ambapo watu wa rika langu watakuja kucheza michezo ya utoto wao na kunywa soda. Mwaka huu nikasema nianze na ile ya nyumbani.

Mama aliniangalia nikiivuta kutoka chini ya kitanda. "Unaipeleka wapi?"

"Kwa fundi. Nataka karata zangu, Mama."

"Hiyo kitu imeandika watu wengi," alisema. "Mimi ningeiacha ipumzike."

"Sasa kompyuta inapumzika?"

"Inapumzika. Hata mimi nimepumzika." Lakini alinipa vitambaa vyake, vimefuliwa na kupigwa pasi.

Fundi nilimpata mtaa wa Huruma, kijana anayetengeneza televisheni. Alipoiona alifunika mdomo.

"Siz, hii ni kompyuta ama ni ya kusaga mahindi?"

"Itawaka ama haitawaka?"

"Itawaka. Mimi hufufua. Lakini hiyo diski yake imechoka, imejaa mafaili ya kitambo. Nifute yote nianze upya, itakuwa nyepesi."

"Usifute kitu."

"Kuna nini ndani?"

"Karata zangu."

Alicheka sana, lakini hakufuta. Ninaliandika hili kama lilivyokuwa kwa sababu ya yaliyofuata. Nilisema karata. Sikufikiria kitu kingine chochote kilichokuwamo humo.

Iliwaka. Niliiweka chumbani kwangu Tassia, nikaivalisha vitambaa, nikapiga picha ya karata zikiwa kwenye uwanja wao wa kijani, nikaiweka kwenye stetasi ya simu na maneno, "Malkia amerudi." Watu wakanitumia vicheko. Wanunuzi wa kava wakauliza nimeitoa jumba gani la makumbusho. Halafu ukaingia ujumbe wa binti wa yule mjane wa laini ya nyuma. Ndiye aliyekuwa tumboni siku ile. Sasa ni msichana mkubwa, hununua kava kwangu.

"Sasa auntie. Hiyo si mashine ya mathe wako? Ile ya matanga?"

"Ndiyo hiyo."

Alikaa muda akiandika na kufuta, nikiona.

"Ya dadi yangu bado iko ndani? Yetu ililowa nyumba ilipoingia maji. Mum hukumbuka kidogo tu halafu analia. Mimi sijawahi kuisoma nikiwa na akili."

Nilikaa kitandani na simu mkononi. Nilikuwa nimecheza karata wiki nzima juu ya watu wote wale, na sikuwa nimefungua faili hata moja kuona kama bado wamo. Nilimjibu, "Sijui. Kuja Jumapili tuangalie." Kisha nikaogopa hadi Jumapili. Yule fundi alikuwa amesema diski imechoka. Kama ya babake ndiyo ingekuwa imeharibika, na karata zimebaki nzima, ningemwangaliaje?

Alikuja baada ya kanisa, na viatu vyake vya kanisa, akaketi kwenye ukingo wa kitanda changu. Mama alikuwa amehifadhi kila mtu kwa jina la ukoo. Tulishuka nao, mmoja mmoja, hadi la babake. Nikabonyeza. Mashine ikanguruma muda mrefu hadi nikashika sanduku kwa mkono, kama mtu anavyoshika paji la mtoto mwenye homa. Ikafunguka.

Alijaribu kupiga picha skrini na simu, lakini picha zilitoka na mistari myeusi inayopanda. "Nisomee," nikamwambia, "mimi niandike kwenye simu." Akasoma. Alizaliwa wapi, mtoto wa tatu, shule aliyoacha kwa kukosa karo, reli, kwaya ya kanisa, kwamba alipenda kutengeneza saa za watu bila malipo. Alisoma kama mtu anayevuka mto kwa mawe. Alipofika karibu na mwisho niliinua macho, naye alikuwa ameweka kidole kwenye kioo.

"Ameacha mjane, na mtoto aliye njiani," akasoma. Akarudia, "Aliye njiani." Kisha akasema, "Kumbe nilikuwa nimeandikwa."

Nilimtengenezea chai. Alikuwa analia na kucheka, anataka kumpigia mamake na hataki kumpigia. Alipotulia, alinishika mkono.

"Auntie, Mungu akubariki. Mtu mwingine angefuta. Wewe ulituwekea watu wetu miaka yote hii."

Nilitaka kumwambia kuhusu fundi na karata. Nilitaka kumwambia kuhusu siku ile, na mamake kwenye kochi letu, na makofi yangu. Lakini uso wake ulikuwa umewaka, na sikuona kwa nini niuzime ili mimi nijisikie mwepesi. Au labda nilipenda tu kuonekana mwema. Sijajua bado. Nilisema, "Ni mama aliandika," ambayo ni kweli, na nikamsindikiza hadi kwenye ngazi.

Niliporudi chumbani skrini ilikuwa bado inawaka. Jua la alasiri lilikuwa limeingia dirishani na kuonyesha vumbi lote juu ya kioo, na alama ya kidole chake. Nikaketi. Mkono wangu ulienda kwenye karata wenyewe, kwa mazoea, na kipanya kikakaa juu yake.

Nikakiondoa. Nikainuka, nikanawa mikono kwenye beseni, nikaikausha vizuri. Nikarudi kwenye yale majina ya koo, nikachagua la mzee mmoja nisiyemjua, mtu ambaye lazima nilicheza wakati wa matanga yake kwa furaha siku moja nisiyoikumbuka. Nikamsoma kwa sauti, tangu alipozaliwa, polepole kama alivyosoma mama, watoto wake wote, ng'ombe wake, kanisa lake, ugonjwa wake. Nilipofika mwisho nikainua macho. Hapakuwa na jamaa kwenye makochi wala makochi yenyewe.

"Ni sawa," nikajibu mwenyewe, nikamgeukia wa pili.