Dawa Iliyolipwa kwa Ushuhuda

Niseme mapema kwamba mimi si mtu wa kuaminishwa kirahisi. Ukiniambia nje kunanyesha, nitatoka kuangalia. Kazi ndiyo iliyonifundisha hivyo. Nina duka la dawa hapa Ihanda, mwaka wa kumi na mbili huu, na muuza dawa hudanganywa kila siku na watu wanaomsalimia vizuri. Kwa hiyo haya usiyaweke pamoja na hadithi za kuotea moto. Yamenikuta mchana kweupe, nikiwa na akili zangu zote, na aliyepoteza ni mama yangu mzazi. Ukitaka nitakupeleka umwone.

Yalianza na mzee mmoja mkulima wa kahawa kutoka Kanoni. Alikuwa na pumu, na kila mwezi alikuja na mkewe kuchukua dawa ya kuvuta. Pumu yenyewe haikumzuia kuongea. Angeingia akihema, ashike meza yangu, kisha aanze habari za bei ya kahawa, za mchungaji wao, za mbuzi wa jirani, mpaka mkewe amvute shati. Siku hiyo aliingia anatembea wima kama kijana, kifua kimya. Nikamwamkia shikamoo. Akatabasamu, akaniinulia mkono.

Nikamuuliza mkewe kulikoni. Akasema mzee amepona kabisa, kuna mtu wa pikipiki anayezunguka kwenye magulio amempa chupa moja tu, ila tangu anywe hajasema neno. Akaongeza kwamba wanamshukuru Mungu hata hivyo, na nyumbani pametulia. Tulicheka. Nilipouliza bei ya hiyo dawa akasema ni bure, na hapo nikaacha kucheka. Umewahi kuona dawa ya bure isiyo ya serikali wala ya misheni? Mimi sijawahi.

Wiki ile ile mtu huyo akaja dukani kwangu. Mvua ilikuwa inapiga mabati hata redio haisikiki, naye akaegesha pikipiki barazani, spika kubwa imefungwa nyuma kwa mipira. Akaomba kujikinga. Pikipiki ilikuwa inachuruzika maji. Yeye alikuwa mkavu. Shati jeupe limepigwa pasi, vifungo mpaka shingoni, viatu havina tope. Niamini, nilimwangalia kuanzia unyweleni hadi kisigino nikitafuta tone moja la mvua, sikuliona.

Akatoa chupa akaiweka mezani. Sijawahi kuona chupa ya namna ile madukani. Kioo cha kijani chenye mapovu ndani, herufi zimevimba ubavuni, kizibo cha gome la mti kimefungwa kwa nta. Nikakumbuka chuoni, mwalimu wetu alivyotusimulia habari za karne ya kumi na tisa huko Ulaya na Marekani, wauza dawa walivyokuwa wakijaza pombe na kasumba ya kulevya kwenye chupa nzuri, wakaandika kwamba inatibu kikohozi, degedege, huzuni na upara. Chini yake walichapa barua za shukrani za waliopona. Mwalimu alisema watu walikuwa wananunua zile barua, dawa ilikuwa nyongeza tu. Darasa zima tulicheka, tukajiona wajanja.

Chupa hii nayo ilizungushiwa karatasi ya shukrani. Juu kabisa zilikuwa za lugha nisizozijua. Zikafuata za Kiswahili cha zamani, kile cha vitabu vya wamisionari: mke wa fundi saa aliyepona macho, mwalimu wa katekisimu aliyepona tumbo la kuhara. Ya mwisho chini ilikuwa ya mzee wangu wa Kanoni, jina lake na kijiji chake. Nikaigusa. Wino ulikuwa mbichi, ukanichafua kidole. Nikamwambia kaka, hii karatasi umeichapa wapi? Akabonyeza kitu kwenye spika, na ndani ya mvua ile nikamsikia mzee akieleza jinsi alivyokuwa akilala ameketi kwa kukosa pumzi, na kile kicheko chake anachokitanguliza kabla hajamaliza sentensi.

Sasa sikiliza kosa langu. Aliniuliza, kwa upole tu, kama mimi sina mgonjwa. Mtu mwenye akili angesema hana. Mimi nikataka kujidai. Nikamwambia ninaye mama, magoti yamemweka ndani miaka mitatu, anakaa kule juu mwisho wa barabara ya kanisa, lakini mama yangu hanywi maji ya barabarani. Nilimpa mpaka njia! Akaitikia kwa kichwa, akashukuru kwa kumkinga na mvua, ambayo yeye haikumgusa, akaondoka.

Jioni nikampigia mama simu kumwonya. Mama yangu, lazima ujue, alikuwa na sauti. Ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo kanisani kwetu, kwa Walutheri, na akiita mtu kutoka kibanjani, kwenye migomba yake, kijiji kizima kiligeuka kumtafuta huyo mtu. Nikamwambia akija mwenye pikipiki na chupa asimkaribishe. Akacheka. Akaniambia, "Kwani mimi mtoto? Hebu kafunge duka lako ukale." Hayo ndiyo maneno ya mwisho mama aliyoniambia.

Siku ya tatu jirani yake, Mama Ajuna, akanipigia kwa furaha kwamba nije nione, mama anatembea. Nilifunga duka wateja wakiwa wamesimama. Bodaboda ikanishusha, nikamkuta mama kibanjani kwa miguu yake mwenyewe, muhoro mkononi, anakata majani makavu ya migomba. Miaka mitatu nilikuwa nakwenda kila mwisho wa wiki kumwogesha yule mama kwenye kigoda. Aliponiona alikuja mbio. Mbio, nasema. Akanikumbatia, akafungua mdomo, na hakikutoka kitu, hata pumzi ya mnong'ono.

Mama Ajuna alikuwepo siku mwenye pikipiki alipofika, akanieleza yote. Yule mtu alikataa pesa, alikataa hata ndizi. Alitaka mama atoe ushuhuda kwanza, kabla ya kunywa, ashukuru kwa kupona magoti. Na wewe utauliza, mtu gani mzima anashukuru kwa kupona wakati bado anaumwa? Hujui watu wetu wa Uamsho. Kila Alhamisi wanakutana, wanasimama mmoja mmoja, na kwao kushukuru kabla ya kupokea ndiyo imani yenyewe. Mama ameshuhudia hivyo tangu mimi mtoto. Ameshukuru kwa mvua kukiwa kiangazi, ameshukuru kwa ada yangu ya shule kabla haijapatikana. Aliegemea nguzo, akatoa ushuhuda mzuri mpaka Mama Ajuna akalia, kisha akanywa chupa yote.

Nilimpeleka hospitali. Daktari akammulika koo, akampima, akasema koo zima, ulimi mzima. Akatuuliza kama alipata mshtuko. Mama akatikisa kichwa na kutabasamu. Mimi ndiye niliyekuwa na mshtuko.

Nikaanza kumsaka yule mtu. Nilizunguka magulio wiki tatu, duka nimemwachia mdogo wangu, mpaka nikampata Kimuli. Kabla sijaiona pikipiki nilimsikia mama. Nilikuwa napita kwenye wauza maharage, na sauti ikapanda juu ya kelele zote: "Bwana Yesu asifiwe." Watu wakaitikia amina. Na mimi, nikiwa mtu mzima wa miaka arobaini, nikaitika "abee" pale pale katikati ya magunia. Wanawake wakanigeukia. Sauti ikaendelea, kwamba yeye ni mama wa Ihanda, magoti yalimfunga miaka mitatu, binti yake anauza dawa dukani lakini dawa za binti zimeshindwa. Watu wakacheka. Ndiyo, mama yangu ni mtu wa namna hiyo, hata kwenye ushuhuda lazima amchome mtu.

Nikapasua watu, nikashika waya wa ile spika nikauvuta kwa nguvu zangu zote. Ukakatika, nikabaki nao mkononi. Mama aliendelea kushuhudia. Hakukwama hata neno moja.

Yule mtu hakukasirika. Nilimwambia nitampeleka kwa mtendaji wa kata, nitampeleka polisi, yeye ni mwizi. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Sikuiba, dada. Alinipa mwenyewe, mbele ya shahidi, kwa furaha."

"Irudishe."

"Nitairudisha. Ila nikirudisha sauti, magoti yanarudi nayo. Nenda kamuulize mwenyewe. Mimi niko hapa mpaka gulio lijalo."

Sikutegemea jibu hilo. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi. Njia yote ya kurudi, nyuma ya bodaboda, nilikuwa na furaha, nikuambie ukweli. Nilishaona mambo yatakavyokuwa: nitamrudisha mama kwenye mkeka wake, nitamwogesha, nitamnunulia kiti cha magurudumu ikibidi, na ataniita jioni aniulize nimekula nini. Nilishaanza kupanga wiki yangu. Sikuwa na wasiwasi hata kidogo juu ya jibu lake.

Nilimkuta anamenya ndizi jikoni. Nikamwamkia, nikakaa, nikamweleza yote polepole, nikimshika mkono. Alinisikiliza akiniangalia usoni. Nilipofika kwenye uamuzi, alicheka kile kicheko chake kisicho na sauti sasa, mabega yakitikisika. Akasimama. Akajifunga kanga kiunoni, akachukua muhoro, akatoka. Nilidhani anakwenda kumwita Mama Ajuna. Nikasikia mgomba unaanguka. Akarudi na mkungu mzima kichwani, shingo imenyooka, bila kushika, akautua miguuni pangu. Kisha akanipapasa shavu kama unavyompapasa mtoto unayemnyima kitu, akarudi kumenya ndizi.

Nilimuuliza mara ya pili. Nikamuuliza kwa Kinyambo chetu cha nyumbani, labda Kiswahili kimenipotosha. Akanionyesha magoti yake, akayapiga makofi. Nililia, na usidhani nililia kwa huruma. Nililia kwa hasira. Nilijua kwa hakika kwamba angechagua kunisemesha mimi.

Gulio lililofuata nilikwenda Kimuli bila jibu la kupeleka. Yule mtu aliniona kwa mbali, akainamisha kichwa, akajua. Nilisimama nikamsikiliza mama mara nne. Nikamrekodi kwa simu, maana si haramu mtu kumrekodi mama yake. Nilipofika nyumbani nikafungua. Nilisikia mbuzi, nikasikia mwanamume anauza viatu vya mitumba, nikasikia watu wanaitikia amina na kucheka. Pale sauti ya mama ilipopaswa kuwepo hapakuwa na kitu. Nimeirudia mara nyingi nikiwa peke yangu. Bado ninayo, njoo usikilize kama unadhani nakutania.

Sasa ni mwezi wa nne yule mtu hajaonekana. Wengine wanasema amevuka mpaka, wengine wamemwona kwenye mnada wa ng'ombe huko nyikani, ambako wafugaji nao wana magonjwa yao. Dukani watu wananiuliza kama naweza kuwapatia ile chupa. Wengine ni wagonjwa wangu mwenyewe, naona wanavyoniangalia nikikataa, kama mtu anayelinda biashara yake. Mzee wa Kanoni haji tena, hana haja. Mama kila asubuhi anapita dukani kwa mguu akielekea sokoni, ananiwekea ndizi mbili mbivu mezani, ananigusa bega, anaendelea. Anaonekana kijana kuliko mimi. Kanisani wimbo unaanzishwa na mwingine, naye anapiga makofi na kucheza, hajali. Ninayejali ni mimi. Nimejaribu kukumbuka alivyokuwa akilitamka jina langu, na kila siku nalipata kwa shida zaidi ya jana.

Basi ndugu yangu, akikujia mtu mkavu katikati ya mvua, akakupa dawa na kukataa pesa, mfukuze. Akitaka umshukuru kabla hujapona, ziba mdomo. Na kama una mgonjwa unayempenda, muulize leo, akiwa bado anaweza kukujibu, ni kipi hasa anachokitamani. Usikisie. Mimi nilimwogesha mama miaka mitatu, nikamtafutia kila dawa, na hata siku moja sikuwahi kumuuliza.