Nilivyojifunza Kuogelea Chali Miguu Ikiwa Imekufa

Ndugu zangu mliokaa kwenye mabenchi haya mkisubiri zamu ya mazoezi, mimi naitwa Shabani, kwetu Mtawanya. Nilikuwa mkwezi wa minazi. Asubuhi nakwea, mchana nalima, na sikuwahi kulazwa hata siku moja. Wazazi wangu walitoka milimani, Umatumbini, kwa hiyo maji mengi niliyaogopa tangu utoto.

Siku niliyoanguka, mnazi ulikuwa na utelezi wa mvua. Kuti nililolishika likachomoka. Nilifikia matako. Kiunoni nilisikia mlio kama muhogo mkavu unavunjwa, kisha miguu ikapotea. Haikuuma. Ingeuma ningeshukuru.

Hospitali, daktari alinidunga sindano kuanzia vidoleni akipanda juu, kila mara akiuliza, "Unasikia?" Alipofika nyonga ndipo nikasema ndiyo.

"Mfupa umepasuka ukabana mishipa ya fahamu," akasema. "Haijakatika. Lakini siwezi kukuahidi kitu."

Nilirudishwa nyumbani na mpira wa mkojo. Haja kubwa ilitoka bila mimi kujua. Pale juu ya matako kilitoka kidonda, kikachimba mpaka mke wangu Mwajuma akawa anaingiza kidole kizima na kitambaa akikisafisha. Harufu yake niliisikia mimi mwenyewe. Wageni walikaa mlangoni, wakitoa pole haraka haraka. Nikawa nageukia ukutani mtu akiingia.

Siku moja nikamwambia mke wangu, "Mama Zaituni, nenda kwenu. Nikupe talaka yako, uolewe na mwenye miguu."

Alikuwa anakamua kitambaa cha kidonda. Hakuacha. "Baba Zaituni, geuka upande wa pili," akasema. Basi.

Miezi mingi ikapita. Kidonda kikafunga, mpira ukatolewa, na mapaja yakaanza kusisimka kama yanatembewa na siafu. Dada wa mazoezi, yule aliyekuwa akininyoosha viungo, akaniambia, "Mkeo anasema amezaliwa delta, kule mto unakoingia baharini. Kama kuna maji salama na mtu wa kukushika, jifunze kuogelea chali. Majini mwili ni mwepesi. Mguu usioweza kujiinua kitandani, pale unaweza kujaribu."

Nikapelekwa ukweni kwa bodaboda, halafu boti. Kutoka kwenye boti nilibebwa mgongoni na shemeji yangu Seif, mama mkwe akitazama. Mwanamume anafikishwa ukweni kama gunia. Nilifunga macho.

Seif alichomeka miti ya mikoko kwenye kijito, akaifunga ikawa uzio, kwa sababu ya mamba. Maji yakijaa, Mwajuma ananiingiza. Ananiweka kiganja kimoja chini ya kisogo, kingine chini ya kiuno.

"Tazama juu. Masikio yazame, usiyaogope."

Mimi nanyanyua kichwa nitazame miguu yangu. Nikinyanyua kichwa, kiuno kinazama, maji ya chumvi yanaingia puani, natapika. Tukaanza tena. Nikazama tena. Siku kumi na mbili hivyo, koo limechubuka, macho mekundu, na miguu inaning'inia chini kama kamba zilizolowa.

Siku ya kumi na tatu nilichoka na kila kitu. Maji yalipofunika uso wangu, sikuhangaika. Nikasema moyoni, basi. Mwajuma akanivuta juu kwa nguvu mpaka shingo ikalia.

"Ulikuwa unajiachia?" akauliza.

Nikageuzia uso kwenye uzio.

"Nakuuliza kwa sababu mikono inayokushika ni yangu," akasema. "Kama umeamua kufa, niambie, nijue hapa nafanya nini."

Nililia kwa sauti kifuani kwake, Seif amesimama pale kwenye uzio amegeuka asitutazame. Nililia mpaka sikuwa na nguvu ya kukaza shingo. Kichwa kikaanguka nyuma chenyewe, masikio yakazama, kifua kikapanda. Nikawa naona mawingu tu. Baadaye akaniambia alikuwa ameshatoa kiganja cha kiunoni.

Tangu hapo nikafundishika. Piga maji kutoka kwenye paja, goti lisikunjwe kama la mwendesha baiskeli. Mkono utoke majini umenyooka, kidole gumba kwanza, upite jirani na sikio, uingie kidole cha mwisho kwanza. Vuta pumzi mkono mmoja ukipanda, itoe mwingine ukipanda. Kichwa kitulie kama mtu amekuwekea kikombe cha chai kwenye paji la uso. Mwanzoni mikono ilivuta na miguu ikafuata tu. Kisha asubuhi moja Mwajuma akanishika kifundo cha mguu wa kulia.

"Rudia," akasema.

"Nirudie nini?"

"Umenipiga teke."

Nikarudia. Akaketi palepale majini, maji yakamfika kidevuni, akawa anamshukuru Mungu kwa sauti ndogo.

Leo natembea kwa fimbo. Mguu wa kushoto kandambili huchomoka nikaendelea kutembea bila kujua. Mkojo bado hunisumbua. Minazi sikwei tena. Namshukuru Mungu, nawashukuru wahudumu wa hapa. Yeye Mwajuma yuko delta anavuna mpunga wa mama yake, kwa hiyo nayasema haya hayupo, maana akiwepo nashindwa.

Mnaotaka kujaribu maji, muulizeni daktari kwanza, na msiingie peke yenu. Na wewe mama uliyekaa mwisho, ambaye mumeo amegeukia ukutani tangu nianze kusema: watu watakuja kumwambia ajikaze. Usiwe mmoja wao. Mimi nilijikaza, nikazama. Mshike chini ya kisogo, mwambie alegee, na wewe usiondoke.