Maji Mawili Yasiyokutana

Maji niliyoyakataza nyumbani mwangu ndiyo niliyomwoshea mke wangu alipofariki.

Mimi ni Hamisi, maalim wa madrasa hapa Garsen. Mke wangu, Mwanaarusi, alikuwa na baridi yabisi. Kila alfajiri maji ya udhu yalimkunja vidole, na sufuria ya moto hakuweza kuiinua. Mimi saa hizo nilikuwa nimeshatangulia msikitini.

Mwanetu Said akamleta Komora, fundi wa Hewani. Akajenga uani boila ya kuni za mathenge, na kando yake tangi la maji ya moto.

Siku ya tatu nilimkuta amefungua koki ya boila. Yalitoka maji meusi, yananuka kutu.

"Haya ndiyo tunayotawadhia?"

"Hapana, mzee. Hayo yanazunguka tu ndani ya..."

"Komora! Fiqhi ya maji utanifundisha wewe? Yamebadilika rangi na harufu. Hayatwahirishi. Zima moto."

Akazima.

"Njoo unywe chai, fundi," Mwanaarusi akamwita. "Huyu akishika kitabu, hata paka huhamia kwa jirani."

Misimu miwili ya kusi alitawadha kwa maji baridi, ameuma upindo wa leso asigune.

Rajabu iliyopita homa ikamchukua.

Said akawasha boila. "Baba, leo sikuulizi."

Nikafungua bomba la tangi nimwoshe. Maji yalitoka meupe, ya uvuguvugu, hayana harufu yoyote.

Baada ya maziko nikamshika Komora mkono. "Yale meusi yalikwenda wapi?"

"Hayaendi popote, mzee. Moto unapasha maji ya boila, yanapita kwenye bomba lililozungushwa ndani ya tangi, yanaacha joto, yanarudi boila. Ya tangi yako nje ya bomba hilo. Hayakutani kamwe."

"Mwanaarusi alijua?"

"Nilimweleza siku ile ya chai."

"Mbona hakuniambia?"

Akainamisha kichwa. "Alisema, 'Wanafunzi wake wakisikia maalim amekosea mlango wa maji katika fiqhi, atauweka wapi uso? Niache na baridi yangu.'"

Nilikaa chini pale pale, mchangani.

Ndugu yangu unayesoma, kabla hujatoa hukumu, mwache mwenye kujua amalize kusema. Dhambi yangu kwa Mola naitubia kila sala. Lakini haki ya mja huisamehe mja mwenyewe, na wangu nimemzika.